Uhai wa Kopo

Neno “vitamini” lina ahadi kubwa. Mwaka 1912, Casimir Funk, mzawa wa Poland aliyekuwa akitafiti London, aliunganisha neno la Kilatini la uhai na jina la kemikali ziitwazo amini (Mswahili angedhani anahimizwa asadiki!). Ilipobainika kuwa si zote zilizo amini, Jack Drummond alipendekeza mwaka 1920 herufi “e” ya mwishoni iondolewe. Uhai ulibaki, nao, nadhani, ndio unaouzwa madukani.

Naona wanafunzi wanaoacha chakula cha mchana, wakakoroga unga wa kopo, wakameza na kidonge, wakaridhika. Unga huo una protini, sikatai. Na mama mjamzito hupewa vidonge vya foliki na madini ya chuma kwa sababu thabiti. Lakini vitamini A hulimbikizana mwilini, na ikizidi hudhuru ini. Nani amewaambia vijana hawa?

Pesa za kopo moja hununua githeri na sukuma wiki za siku kadhaa, pamoja na nyuzinyuzi. Wakiongeza chungwa, vitamini C yake itausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Chai wainywe baadaye, kwani huyazuia.