Pamba ya Meatu, Jirani na Simba

Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, inapakana na Pori la Akiba la Maswa, sehemu ya ikolojia ya Serengeti. Huku pamba hulimwa na tembo hupita. Sumu inayopuliziwa shambani haina mpaka: inaua nyuki na kufuata maji ya mvua hadi mtoni.

Tangu 1994, mradi wa bioRe umekuwa ukiwasaidia wakulima wa Meatu kulima pamba kwa kilimo hai, yaani bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya viwandani. Samadi ya ng'ombe inarudishwa ardhini. Pamba hupokezana na choroko, zao linaloirudishia ardhi naitrojeni.

Adui mkubwa ni funza wa vitumba, na dawa yake ya kwanza ni alizeti. Mkulima huipanda kwa mistari katikati ya pamba, funza wakavutwa huko. Chunguza jani la pamba kwa karibu: mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa wanatafuna wadudu mafuta. Hao ni vibarua wasiodai ujira, na sumu huwaua pia. Wadudu wakizidi, mbegu za mwarobaini hutwangwa, zikalowekwa, maji yakachujwa na kupuliziwa.

Si kazi nyepesi. Kibali cha kilimo hai hungoja miaka kadhaa ya mpito, na mavuno ya awali huweza kupungua. Ndiyo maana nyongeza ya bei ya pamba hai kwa mkulima ni haki yake, si fadhila: anayeitunza njia ya tembo asiachwe ailipie peke yake.