Sura ya 6: Mathenge Mbele ya Mlango

Anayesafiri kutoka Wajir kwenda Mandera hupita Kutulo, mji mdogo ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili. Hushuka garini na vumbi hadi kwenye kope, na kabla ya maji huulizia kivuli. Kwa hiyo namwelewa mwenye nyumba wa kaskazini mashariki anayesita kushika shoka, hata kama mathenge, mti wa miiba, umeziba uwanja mzima na wageni huingia wakiwa wameinama. Ni kivuli hata hivyo.

Mti huu ulikaribishwa. Mwaka 1973 mbegu zake kutoka Brazili na Hawaii zilipandwa Bamburi, Mombasa, kufufua machimbo ya mawe ya saruji. Miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, na Bura kwenye Mto Tana, ili watu wapate kuni na jangwa lizuiwe. Ulitimiza hayo yote, kisha haukusimama. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali na kumfikisha mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa magugu hatari.

Mbuzi huyo huyo ndiye mpanzi wake mkuu. Hula ganda, mbegu hupita tumboni bila kudhurika, kisha huangushwa mahali pengine pamoja na samadi yake. Uwanja ambao mifugo hulala usiku basi ni kitalu tayari. Na si miiba pekee inayopaswa kututia hofu. Utafiti uliofanywa Mali na kuchapishwa 2017 ulionyesha kuwa matawi yenye maua ya mti huu yalipoondolewa karibu na vijiji, mbu waenezao malaria walipungua kwa zaidi ya nusu, kwa maana walikuwa wakijilisha kwa utamu wa maua hayo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuukata juu ya ardhi. Mathenge uliokatwa kiunoni hurudi na mashina matano au sita badala ya moja, kwa kuwa macho yake ya kuchipua yamejificha kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya udongo. Shingo hiyo ndiyo ya kutafutwa. Ngoja mvua ya gu, yaani masika, ilainishe ardhi, punguza matawi kwa panga huku umevaa viatu vigumu (mwiba wake hupenya kandambili kama sindano), kisha chimba kwa sururu kuzunguka shina. Ukate mzizi urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko chini ya uso wa ardhi. Usijaribu kuufuata hadi mwisho: huko Arizona, Marekani, mizizi ya miti ya jamii hii ilikutwa mgodini kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Ukishakatwa chini ya shingo, unaobaki hauna mahali pa kuchipukia.

Shina ni kuni nzuri na makaa yake ni mazito. Maganda yaokote yote na uyachome, au uyasage laini kwa ajili ya mifugo hadi mbegu zivunjike. Matawi ya miiba usiyatupe, yana kazi.

Sasa uwanja uko wazi, na hapa nakusihi usikimbilie kupanda. Keti mlangoni siku moja nzima utazame mambo mawili: jua la alasiri linaingilia wapi, na maji ya udhu yanamwagika wapi. Jua la saa tisa ndilo linalochemsha kuta, kwa hiyo mti mkubwa ukae magharibi mwa nyumba. Mwarobaini unafaa sana hapo, mradi uwe mbali na birika la maji la chini ya ardhi, maana mizizi hupasua kuta zake. Maji ya udhu hayana sabuni na huja mara tano kwa siku, hata wakati wa kiangazi. Yachimbie mfereji mwembamba hadi kwenye shimo la mkunazi, ambao Wasomali huuita gob. Utapata kivuli, matunda na majani ya mbuzi. Mhina, cillaan ya akina mama, upande kando ya njia ya kuingilia; unavumilia kukatwa na unafanya ua mzuri.

Miti miwili na safu moja ya mhina vinatosha. Uwanja wa Kutulo ni sebule: hapo ndipo mkeka hutandikwa na chai ya maziwa huandikwa jioni, na watu wanahitaji nafasi. Kila mche uzungushie yale matawi ya mathenge uliyoyahifadhi, la sivyo mbuzi wataumaliza kwa usiku mmoja.

Mbegu zilizobaki ardhini zinaweza kungoja miaka mingi. Kila baada ya mvua, ya gu na ya deyr (vuli), tembea uwanjani asubuhi udongo ukiwa bado na unyevu, ung'oe kila mche mdogo wa mathenge kwa vidole. Wakati huo hata mtoto anauweza.