Mavuno ya Wimbi Busia na Tororo: Ugali wa Kwanza na Shukrani

Wimbi, au ulezi kama unavyoitwa Tanzania, huvunwa Busia na Tororo kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, mvua ndefu zinapopungua. Kwa Wateso, Wasamia, Wapadhola na majirani zao, huo ndio wakati wa ghala kujaa tena baada ya miezi ya kununua unga sokoni. Hadi mwaka 1902 Waingereza waliihesabu Busia yote kuwa sehemu ya Uganda. Mpaka uliposogezwa, koo zilibaki zimetawanyika pande zote mbili. Ndiyo maana desturi za mavuno hufanana Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda.

Nafaka hii ni ya kale. Wataalamu wa mimea hutaja nyanda za juu za Ethiopia na Uganda kuwa chimbuko lake, na kutoka Afrika ilifika India maelfu ya miaka iliyopita. Mbegu humwagwa shambani mvua zinapoanza, kati ya Februari na Machi. Kazi ngumu zaidi ni palizi, kwa sababu kuna gugu la jamii moja na wimbi ambalo likiwa changa hufanana nalo kabisa. Mpaliliaji asiye na uzoefu hung'oa chakula na kuacha gugu. Kwa hiyo palizi hufanywa na watu wengi kwa pamoja, na mwenye shamba huwapikia au huwaandalia pombe.

Masuke hayaivi siku moja. Wavunaji hupita shambani na kisu kidogo, wakikata yaliyokomaa na kuyaacha mabichi kwa mkupuo wa pili. Masuke huanikwa juani, hupurwa kwa fimbo, kisha nafaka hupepetwa kwa ungo hadi makapi yaishe. Wimbi likikauka vizuri hukaa ghalani kwa miaka bila kuharibiwa sana na dumuzi. Sifa hiyo ililifanya kuwa akiba ya njaa tangu zamani, na mbegu bora za msimu ujao hutengwa mapema, kabla ya mtu yeyote kuonja.

Kwingineko duniani mavuno huadhimishwa kwa mkate. Uingereza, tarehe 1 Agosti ilikuwa sikukuu ya kupeleka kanisani mkate wa ngano mpya. Wimbi halina gluteni, hivyo unga wake hauumuki. Busia na Tororo, nafasi ya mkate hushikwa na ugali, ambao Wateso huuita *atap*. Unga, mara nyingi ukichanganywa na wa muhogo, hutiwa katika maji yanayochemka na kusongwa kwa mwiko hadi uwe mzito, wa rangi ya kahawia iliyokoza, wenye uchachu mdogo iwapo muhogo ulivundikwa. Huliwa kwa mikono, na kila tonge huchovywa katika mboga ya majani ya kunde, nyama ya kukausha au samaki iliyoungwa kwa karanga au ufuta.

Kinywaji cha mavuno ni *ajon*, kinachojulikana Uganda pia kwa jina la malwa. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji na kuvundikwa kwa siku kadhaa, hukaangwa juu ya bati kubwa, kisha huanikwa. Baadaye huchanganywa na maji na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa, na huachwa uchachuke. Pombe hiyo humiminwa katika chungu kimoja, hutiwa maji moto, na wanywaji hukizunguka wakiwa na mirija mirefu yenye kichujio nchani. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, na mtu hanywi chungu kimoja na mkwewe. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyewachunguza Wateso wa Kenya, alionyesha kwamba chungu hicho ndicho kielelezo cha ujirani mwema: anayekunywa peke yake hutiliwa shaka.

Shukrani zenyewe zilielekezwa kwa Mungu, aliyeitwa Edeke na Wateso na Were na Wasamia na Wapadhola, na kwa wahenga, ambao wazee waliwamwagia pombe kidogo chini. Leo shukrani nyingi hutolewa kanisani. Ibada ya mavuno kwa sura yake ya kisasa ilianzishwa na kasisi Robert Hawker huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1843, na wamisionari wakaieneza. Katika parokia za mpakani waumini hupeleka altareni nafaka, mikungu ya ndizi na kuku, na baada ya ibada vitu hivyo huuzwa kwa mnada.

Hata hivyo, mashamba ya wimbi yamepungua. Mahindi na miwa vimechukua ardhi, kiduha hunyonya mizizi ya nafaka, na ugonjwa wa blasti hukausha masuke. Kituo cha utafiti cha Serere nchini Uganda kimetoa mbegu bora, na aina kama P-224 na U-15 zimevuka mpaka na kulimwa Kenya pia. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa jamii ya nafaka hizi ndogo, kwa kuwa huvumilia ukame na zina lishe. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii.

Kwa watu wa mpakani, shukrani ya mavuno hutimia pale waliopalilia, jirani na mgeni wanapokula pamoja na mwenye shamba. Familia yenye robo ekari ya kutenga na ilipande wimbi, iweke mbegu yake, na ugali wa kwanza isiule peke yake.