Mwanagenzi wa Programu Huria: Safari ya Kifurushi kutoka Umoja hadi Debian

Aghalabu hudhaniwa kuwa programu za kompyuta hutungwa na kampuni tajiri za ng'ambo pekee. Dhana hii haina mashiko. Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, iliasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hadi leo hujengwa na watu wanaojitolea. Kijana wa Umoja au Kayole, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, aliye na kompyuta kuukuu na bando la intaneti, huwekewa masharti yaleyale anayowekewa mwenzake wa Berlin.

Kinachowasilishwa huitwa kifurushi, yaani programu pamoja na maelezo ya kuisakinisha. (Istilahi hii ina utata wake: nchini Tanzania, kifurushi ni kile ambacho Mnairobi hukiita bando.) Chukua mfano wa orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia ya Kiswahili. Debian tayari ina kifurushi cha aina hiyo, hunspell-sw. Kwa hiyo mgeni hutakiwa kuchunguza kwanza kilichopo, na pengine akiboreshe badala ya kuanza upya. Akiwa na kitu kipya, hutangaza nia yake hadharani, ili watu wawili wasije wakalima shamba moja bila kujuana. Kisha huandaa faili za maelezo, huzikagua kwa programu iitwayo lintian, hutia saini ya kidijitali na kuomba mdhamini.

Mdhamini ni mwanachama aliyekwisha kuaminiwa. Uhusiano wao unafanana na ule wa fundi wa jua kali wa Kamukunji na mwanagenzi wake: kazi ni ya mwanagenzi, lakini jina linalowekwa rehani ni la fundi. Mdhamini anaweza kuirudisha kazi mara tatu au nne. Kwa kuwa halipwi, kimya chake cha majuma kadhaa si ishara ya kukataa.

Kikwazo kikubwa zaidi, na ndicho kinachomhusu mwanafunzi wa Kiswahili, ni hakimiliki. Kifurushi kipya hupitia kwa wasimamizi wa ghala ambao huchunguza hasa nani anamiliki kila sehemu yake. Orodha iliyonakiliwa bila idhini kutoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI haiwezi kupita, hata ikiwa imepangwa kwa ustadi. Leseni inayosema "kwa matumizi ya elimu tu" nayo haitoshi, kwani Debian hutaka kila mtu aruhusiwe kunakili, kurekebisha na hata kuuza. Kinyume chake, maneno ambayo wanafunzi wenyewe wameyakusanya Gikomba au Burma, wakayatolea leseni huria kwa maandishi, hayana pingamizi. Asiyeandika leseni humfungia mlango atakayetaka kuyatumia baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliionyesha njia mwaka 2004 kupitia Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kikikubaliwa, kifurushi huingia katika toleo lisilo thabiti, na baada ya siku kadhaa, kisipopatikana na kasoro kubwa, husogezwa mbele hadi kifikie toleo thabiti, ambalo hutoka takriban kila miaka miwili. Wakati huo wote mwanagenzi ndiye mlezi wake: taarifa za kasoro humjia yeye, kutoka kwa watu asiowajua, na ni yeye anayetarajiwa kuzijibu.