Mtoto wa Kwanza: Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo hapa Nakivale tunaongea na vijana waliooana wanaongojea mtoto wao wa kwanza. Wazee na majirani, msiondoke. Mtaona kwamba na ninyi mna kazi.

Kule tulikotoka, mimba ya kwanza haikuwa shughuli ya watu wawili tu. Msichana alirudi kwa mama yake kujifungua, au mama mkwe alikuja kukaa naye. Koko alijua nini cha kufanya na nani wa kuitwa. Hapa wengi wetu tumefika bila wazee hao. Koko amebaki Kivu, mama mkwe yuko Burundi, shangazi hatujui yuko wapi. Kwa hiyo maamuzi yaliyokuwa ya ukoo mzima sasa yako mikononi mwa kijana na mke wake, ndani ya nyumba ya udongo yenye chumba kimoja. Neno letu la leo ni hili: amueni mapema, wakati tumbo bado limetulia.

Kwa nini mapema? Kwa sababu mama wengi wanaopoteza maisha wakati wa kujifungua hupatwa na mambo yanayoweza kutibiwa. Kinachowaua ni kuchelewa. Watu wa afya wanataja kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza, nyumbani wanachelewa kuamua kwenda. Pili, wameamua, lakini wanachelewa kufika. Tatu, wamefika, lakini wanachelewa kupata matibabu. Ile ya tatu ni ya kituo na serikali. Ile ya kwanza ni yetu sisi, na ile ya pili tunaweza kuipunguza. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mama mjamzito maneno hayo ni ya kweli kabisa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Mimba ya kwanza ina mambo yake. Yako matatu ya kukumbuka.

La kwanza ni presha. Ugonjwa wa presha ya mimba huwapata zaidi wanawake wenye mimba ya kwanza. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba. Ukiachwa, huleta degedege, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Lakini presha inaweza kupanda bila mama kuhisi chochote. Ndiyo maana anapimwa kila anapokwenda kliniki.

La pili ni malaria. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza huumizwa na malaria kuliko aliyekwisha kuzaa. Malaria hupunguza damu yake, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo sana. Kliniki hutoa chandarua na vidonge vya Fansidar, kuanzia mwezi wa nne na kuendelea. Muuguzi ndiye atakayesema vinakufaa au la. Chandarua kile ni cha kulalia. Kisifunike mboga bustanini wala kisivue samaki ziwani.

La tatu ni uchungu. Uchungu wa mtoto wa kwanza huchukua muda mrefu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mmoja anasema, "Bado, ni wa kwanza huyo, atakaa." Mwingine analeta dawa ya majani ya kuharakisha. Ndugu, dawa hizo zinaweza kukaza tumbo kupita kiasi mpaka kizazi kikapasuka. Uchungu ukianza, nenda kituoni. Na mama asikae nyumbani na uchungu kutwa nzima au usiku kucha.

Kliniki inaanza lini? Mapema, kabla mimba haijafika wiki 12. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linashauri mama aonwe angalau mara 8 kabla ya kujifungua. Baba, mara ya kwanza nenda naye. Mtapimwa damu pamoja, pamoja na virusi vya ukimwi. Ikiwa mama anavyo, kuna dawa zinazomlinda mtoto asiambukizwe, na dawa hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa, mnakaa wawili jioni na kuamua nini?

Amueni nani atatoa ruhusa. Neno hili ni zito. Vijana wengi wa hapa hutafuta vibarua mbali na nyumbani, wengine mpaka Mbarara. Uchungu unaanza saa nane usiku, simu ya baba imezimwa, na majirani wanasema, "Tumngoje mwenye mke." Baba, usiache hali hiyo itokee. Mwambie mke wako mbele ya jirani unayemwamini: "Ukijisikia vibaya, nenda. Usiningoje." Maneno hayo hayana gharama, na yanaweza kuokoa watu wawili.

Amueni mtakwenda kwa chombo gani. Jueni namba ya VHT wa kijiji chenu, na ya boda wawili wanaokubali kutoka usiku. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa hana mafuta. Bei ipatane mapema.

Amueni pesa zitatoka wapi. Tunajua hali. Tangu 2023 WFP inagawa familia kwa makundi, na kwa wengi mgao umepungua. Matibabu ya kituo cha serikali hayalipiwi, lakini safari na vitu vidogo vinahitaji pesa. Shilingi 500 kwa wiki, kuanzia mwezi wa tatu wa mimba, hazijengi nyumba, lakini zinafika kuwa shilingi 12,000 na zaidi. Kama mko kwenye kikundi cha akiba, waambieni wenzenu mapema.

Fungeni mfuko mwezi wa nane ukianza. Wekeni kaveera safi ya kulalia, glovu, pamba, wembe mpya, sabuni, kanga mbili, nguo za mtoto na kofia yake. Wekeni pia kitabu cha kliniki na karatasi ya familia ya OPM, ile tunayoita atestesheni.

Na amueni nani atabaki na nyumba, nani atakwenda na mama. Hapa ndipo majirani mnapoingia. Kama koko hayupo, mama mmoja mtu mzima wa karibu anaweza kushika nafasi yake. Mwombeni kwa heshima, mapema, kama mnavyomwomba mtu kusimamia harusi.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Mara nyingine kituo kinasema, "Huyu aende Mbarara." Watu wengi husikia neno hilo kama hukumu. Sivyo. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina vyumba vya upasuaji, damu ya kuongeza, na madaktari wa Chuo Kikuu cha Mbarara wanafundisha na kutibu hapo. Kutumwa kule maana yake ni kwamba mama anahitaji kitu ambacho kituo chetu hakina. Msibishane na ambulensi mlangoni. Kila dakika ya mabishano inatoka kwenye maisha ya mama.

Anayemsindikiza achukue atestesheni, barua ya rufaa, sahani, kikombe, blanketi, mkeka na pesa ya chakula. Wodini, ndugu wa mgonjwa ndiye anayefua na kupika. Lugha ya mji ni Kinyankole. Kama hamjui Kinyankole wala Kiingereza, tafuteni mwenye kujua aende nanyi, au mwambieni mhudumu wa kituo kabla hamjaondoka.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Mtoto amezaliwa. Tunamshukuru Mungu. Lakini hatari haijaisha: siku ile ya kwanza ndiyo inayobeba hatari kubwa ya damu kumtoka mama. Nguo zikiloa moja baada ya nyingine, itaneni. Akiwa na homa au harufu mbaya, rudini kituoni. Na mtoto asiyenyonya, anayepumua mbio, mwenye degedege, wa moto sana au wa baridi sana, msingoje asubuhi.

Maziwa ya kwanza, yale ya njano, si machafu. Ni kinga ya mtoto. Anyonye ndani ya saa moja tangu azaliwe, na asipewe maji, sukari wala majani mpaka miezi 6. Kitovu kiwe kikavu, bila mavi ya ng'ombe wala majivu. Kabla ya kutoka kituoni apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Chanjo nyingine zinafuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Na wewe baba, usione haya kubeba jerikani. Kule nyumbani kazi hiyo ilifanywa na shangazi watatu. Hapa shangazi hao ni wewe. Mama akilia kila siku, hataki kula, hataki kumshika mtoto, na wiki mbili zimepita, huo si uvivu. Ni ugonjwa, nao una msaada. Mwambieni VHT.

Mwisho ni karatasi. Kituo kitawapa karatasi ya kuzaliwa. Ipelekeni OPM pamoja na atestesheni ili jina la mtoto liingie kwenye familia. Asiyeandikwa hahesabiwi. Pia sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inataka kila mtoto anayezaliwa nchini aandikishwe, raia au mkimbizi, na NIRA ndiyo inayotoa cheti. Cheti hakimfanyi mtoto kuwa Mganda. Kinaonyesha alizaliwa lini, wapi, na wazazi wake ni nani. Siku mkirudi nyumbani, au mkienda nchi nyingine, atakihitaji kuonyesha yeye ni mtoto wa nani.

Leo usiku, kabla hamjalala, ulizaneni maswali matatu: Nani ana ruhusa ya kuamua kama mmoja wetu hayupo? Tutampigia nani? Pesa iko wapi? Kama mna majibu, laleni salama. Kama hamna, kesho asubuhi anzeni kwa jirani.

Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)