Utangulizi: Faili Inaposingiziwa

Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu asubuhi moja, kompyuta mkononi, kifuniko wazi. "Shikamoo, Mwalimu. Programu yangu imefutwa." Marahaba, nikamwambia, keti kwanza. Alikuwa ameandika kwa lugha ya C programu ya mistari thelathini hivi, inayochapa jedwali la kuzidisha. Kila alipoigeuza iwe faili ya kuendeshwa, antivairasi iliinyakua kabla ikoni yake haijatulia kwenye skrini, ikaitia karantini na kuiita Trojan, yaani programu ya hatari inayojifanya njema. Hakuja kuuliza dawa. Alitaka kujua nani mwongo: yeye, mashine, au antivairasi.

Swali hilo ndilo mlango wa fani ya kupima kengele za antivairasi, nami nakukaribisha upitie hapo hapo alipopita yeye. Huhitaji kuwa fundi. Ukijua kugawanya na kuzidisha, na ukiwa na tabia ya kumhoji shahidi kabla ya kumwamini, umeshapata nusu ya vifaa.

Tuanze na jambo lisiloandikwa kwenye boksi la bidhaa: antivairasi isiyokosea haipo, wala haitakuwepo. Si kwa uvivu wa mafundi. Mwaka 1984 Fred Cohen, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alionyesha ugumu huo kwa hoja fupi. Chukulia yupo mkaguzi asiyekosea kamwe. Mimi naandika programu inayomwuliza mkaguzi huyo: je, mimi ni kirusi? Akijibu ndiyo, programu inatulia bila kumdhuru mtu. Akijibu siyo, inaanza kujinakili kila mahali. Jibu lolote atakalotoa litakuwa la uongo. Nimeifundisha hoja hii miaka mingi, na kila mwaka yuko mwanafunzi anayejaribu kumwokoa mkaguzi. Hajafaulu hata mmoja.

Basi makosa yatakuwepo, nayo ni ya aina mbili. Kuna kengele ya uongo, faili safi inaposingiziwa. Na kuna kimya cha uongo, kirusi kinapopita mlangoni bila kuulizwa. Ukikaza masharti ili kimya kipungue, kengele zinaongezeka. Antivairasi inayoita kila faili kirusi itanasa virusi vyote, asilimia 100, na haitakuwa na faida ya hata senti moja. Ndiyo sababu maabara za majaribio kama AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huhesabu pia kengele za uongo. Tangazo linalotaja asilimia ya virusi vilivyonaswa peke yake limekupa nusu ya habari.

Kwa nini jedwali la kuzidisha liitwe Trojan? Zamani antivairasi ilifanana na askari mwenye daftari la picha za wahalifu: ilitafuta ndani ya faili mfuatano wa baiti uliokwisha kujulikana. Leo daftari hilo halitoshi, kwa kuwa virusi hubadili sura kila siku, hivyo askari anapima pia mwenendo na historia. Faili ya kijana yule ilikuwa imezaliwa dakika ile. Haikuwa na sahihi ya kidijitali, na hakuna kompyuta nyingine duniani iliyowahi kuiona. Ilikuwa kama mgeni aliyeingia mtaani usiku, hana kitambulisho, hana mwenyeji, na balozi wa nyumba kumi hamjui. Kushukiwa kwake kulieleweka. Kuhukumiwa ndiko kulikokuwa na kasoro.

Soma jina la shtaka kwa makini, maana ndani yake mna kiwango cha uhakika wa mshtaki. Kwenye skrini ya kijana palikuwa na jina refu likianza na Trojan:Win32/Wacatac na kuishia na alama ya mshangao na herufi mbili, ml. Mkia huo katika majina ya Microsoft Defender unamaanisha kwamba hukumu ilitolewa na mashine iliyojifunza kwa mifano. Maneno kama Gen, Heur au Susp katika majina ya kampuni nyingine nayo huashiria kufananisha zaidi kuliko kutambua. Ni tofauti ya kusema "ni Juma, namjua" na kusema "anatembea kama mwizi."

Sasa hesabu, na hapa naomba usikimbie. Chukua kompyuta yenye faili 200,000, na ndani yake 20 zina virusi. Tuseme antivairasi inanasa zote 20, na inasingizia faili moja tu katika kila 1,000 zilizo safi. (Kiwango hicho nimekitunga ili hesabu ionekane kwa macho.) Kengele za kweli zitakuwa 20, za uongo karibu 200. Katika kila kengele 11, moja tu ndiyo ya kweli! Hamisha antivairasi hiyo hiyo kwenye flashi iliyotoka kwenye duka la kuchapisha karatasi, yenye faili 100, na 40 kati yake zimeambukizwa. Hapo itanasa zile 40, na za kusingizia huenda isipate hata moja. Kifaa hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali kilipolilia. Mwaka 1999 Stefan Axelsson wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Sweden, aliwakumbusha jambo hili watu wa mifumo ya kugundua wavamizi wa mitandao: tukio likiwa adimu, kengele nyingi zitakuwa za uongo hata kama mlinzi ni hodari. Kwa hiyo nikiletewa kengele, swali langu la kwanza halihusu antivairasi. Nauliza: faili hii umeitoa wapi?

Wengi wakishikwa na shaka hukimbilia VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Málaga, Hispania, mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Unapandisha faili, wakaguzi kadhaa wanaikagua kwa pamoja, unapewa hesabu: saba kati ya sabini, kwa mfano. Ni huduma nzuri, naitumia kila wiki. Lakini mashahidi saba si lazima wawe watu saba. Bitdefender ya Romania hukodisha injini yake kwa kampuni nyingine, na injini moja ikikosea, kosa linatokea skrini nzima kwa majina tofauti. Wapo pia wanaoigana. Kaspersky iliwahi kutengeneza faili 20 zisizo na madhara, ikazitangaza 10 kati yake kuwa mbovu, kisha ikazipandisha VirusTotal. Baada ya siku 10 zote 10 zilikuwa zimeshtakiwa na kampuni nyingine, hadi 14. Lisemwalo lipo, walisema wahenga. Hapa lilikuwepo kwa sababu lilisemwa. Na kabla hujapandisha chochote, kumbuka kwamba faili inayopandishwa huweza kuonwa na wateja wa huduma hiyo. Mitihani na orodha ya mishahara isiende huko. Tafuta kwa hashi ya faili tu, ile namba ndefu inayoitambulisha, nayo hutoka bila faili kuondoka kwako.

Usidhani kusingiziwa ni balaa la wanafunzi tu. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la McAfee lilikiita kirusi svchost.exe, kiungo muhimu cha Windows XP. Kompyuta za maofisi na hospitali zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo, na kwa kuwa zilipoteza mtandao, mafundi walilazimika kuzipitia moja moja. Septemba 2012 Sophos ilikwenda mbali zaidi: ilishtaki sehemu yake yenyewe ya kupokea masasisho.

Visa hivi wezi wanavijua pia. Fungua maelekezo ya kraki yoyote ya programu ya kulipia, utakuta sentensi ile ile: zima antivairasi kwanza, hiyo ni kengele ya uongo tu. Mwizi naye husema amesingiziwa.

Turudi kwa kijana wangu. Msimbo tulikuwa nao mezani, tukausoma wote mstari kwa mstari. Palikuwa na vitanzi viwili na printf. Tukaituma faili kwa watengenezaji wa antivairasi kama sampuli, na baada ya siku mbili shtaka likaondolewa. Lakini nilipochomeka flashi yake ili ninakili msimbo, kompyuta yangu ililia. "Hiyo ni kawaida, Mwalimu," akasema. "Inalia tangu mwezi wa pili. Mimi huwa nabonyeza ruhusu." Kila folda ilikuwa na kishale kidogo pembeni: kirusi cha shotikati, kile kinachoficha folda halisi na kuweka ya bandia mahali pake. Flashi ilikuwa imepita maduka matatu ya kuchapisha. Nilifuta vishale, nikaandika amri ya attrib ya kufichua vilivyofichwa, na folda zikaanza kurudi moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa ile ya ripoti ya mazoezi kwa vitendo aliyodhani ilipotea, akaiandika upya usiku kucha.