Kukiandaa Kipokezi cha GPS kwa Msako wa Makasha

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton wa Marekani, iliondolewa ile hitilafu ya makusudi ambayo kwa muda wa miaka wanajeshi wa dola ile walikuwa wakiitia katika ishara za satelaiti zao za GPS, ili raia na wageni wasipate kujua mahali walipo ila kwa kukisia kwa upana wa mita 100 hivi. Kesho yake, mtu mmoja wa jimbo la Oregon, jina lake Dave Ulmer, alitwaa ndoo nyeusi, akatia ndani yake vitabu, kanda za video, manati, kopo la maharagwe, daftari na penseli, akaificha mwituni karibu na Beavercreek, kisha akatangaza kwa intaneti latitudo na longitudo za mahali pale, kwa sharti jepesi kwamba atakayeiona achukue kitu, aache kitu, na aliandike jina lake daftarini. Haukupita muda ndoo ikaonekana, na mchezo ambao leo huitwa jiokashi ukawa umezaliwa. Na sasa makasha yake yamefichwa katika mabara yote, hata bara la barafu la kusini.

Wengi wanaotaka kuingia katika mchezo huu huuliza kwanza habari za bei, wakidhani kwamba chombo cha ghali ndicho kitakachowafikisha. Rai yangu ni kwamba chombo cha kawaida, mathalan Garmin eTrex 10 kilichotoka mwaka 2011, chenye ganda la manjano, kioo kisicho na rangi, na kijiti kidogo cha kusukumwa kwa kidole gumba, chatosha kabisa kwa kazi hii, maadamu mwenyewe ameketi nacho barazani kwa utulivu na kuipanga mipangilio yake michache kabla hajavaa viatu. Kwani anayepotea, aghalabu hapotezwi na satelaiti, bali hupotezwa na namba ambazo yeye amezisoma kwa namna moja na mashine imezisoma kwa namna nyingine.

Tuanze na betri, maana hapo pana jambo ambalo wengi hulipita. Chombo hiki hutumia betri mbili ndogo za kawaida, na katika mipangilio yake huulizwa ni za aina gani: alkalaini za kutupwa, au zile za kuchajiwa tena. Betri ya kuchaji hutoa volti 1.2, ilhali ya alkalaini ikiwa mpya hutoa volti 1.5, na mashine hukadiria uhai uliobaki kwa kuipima hiyo volti. Basi ukiidanganya aina, nayo itakudanganya kuhusu muda, ikulilie njaa ingali imeshiba.

Baada ya hapo kipeleke chombo nje, mahali ambapo mbingu iko wazi, ukiweke chini na ukiache. Kama ni kipya, au kimesafirishwa mbali, au kimelala kabatini miezi mingi, usikiharakishe. Kila satelaiti, ikiwa juu yetu kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, hutangaza saa yake, mapito yake mwenyewe, na kidogo kidogo taarifa za mapito ya wenzake wote, na taarifa hizo kwa ukamilifu wake huchukua dakika 12 na nusu kumalizika. Kipokezi kinahitaji kuzisikia satelaiti nne kwa uchache: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kuisahihisha saa yake duni, kwa sababu mawimbi hayo hukata kiasi cha mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na saa ya bei rahisi haiwezi peke yake kuaminiwa kwa hesabu nyembamba kiasi hicho. Mtu anayeiwasha mashine akiwa tayari anatembea chini ya miembe, kisha akalalamika kwamba ni mbovu, ameidhulumu.

Ama jambo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala hii, ni umbo la namba. Mahali pamoja paweza kuandikwa kwa njia tatu: kwa nyuzi na desimali zake, kwa nyuzi, dakika na desimali za dakika, au kwa nyuzi, dakika na sekunde kama walivyozoea mabaharia wa zamani. Wasakaji wa makasha wamekubaliana juu ya njia ya pili, ambayo katika kipokezi huandikwa hddd°mm.mmm. Latitudo ya ile ndoo ya Ulmer ilikuwa N 45° 17.460. Sasa fikiri kwamba kipokezi chako kimepangwa kwa sekunde, nawe, kwa kuona tarakimu zinafanana, ukaandika dakika 17 na sekunde 46. Hakuna kengele itakayolia, wala mashine haitakukatalia, kwa kuwa hiyo nayo ni latitudo halali. Lakini dakika 17.460 kwa hakika ni dakika 17 na sekunde 27.6, na tofauti ya hizo sekunde 18 na ushei ni kama mita 570 za msitu, ambazo utazipekua jiwe kwa jiwe usione kitu. Kwa upande wa pili, tarakimu ya mwisho kabisa, yaani sehemu moja katika elfu ya dakika, ni mita 1.85 tu za latitudo. Kwa hiyo msomaji asihangaike sana na tarakimu hiyo ya mwisho, bali ahangaike na umbo.

Katika kuandika namba zile ziko pia herufi za pande nne za dunia, ambazo sisi wa pwani hii twapaswa kuziangalia kwa jicho kali. Mifano mingi ya Kimarekani ni ya kaskazini na magharibi, ilhali mji wa Zanzibar uko latitudo ya nyuzi 6 kusini, na longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Ukiiacha N mahali pa S, mshale utakuelekeza kusini mwa Uhabeshi. Kosa hili lina heri moja, kwamba umbali unaoonyeshwa ni mkubwa mno hata mtu akashtuka mwenyewe.

Kosa la datamu, yaani la kadirio la umbo la dunia ambalo ramani huchorwa juu yake, halina heri hiyo. Dunia si tufe kamili, na wapimaji wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwa zama zake, walikadiria umbo lake kwa vipimo vyao, wakachora ramani juu ya makadirio hayo. GPS na makasha yote hutumia datamu iitwayo WGS 84, na hiyo ndiyo ya kuchaguliwa. Walakini ramani za zamani za Kenya na Tanzania, zile za vipimo vya 1:50,000 ambazo wapenzi wa milima wangali wakizitunza, zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, na nukta iliyosomwa katika ramani hiyo ikitiwa kama ilivyo katika kipokezi cha WGS 84 huhama kiasi cha mita 300. Umbali huo ni mdogo usiweze kukushtua, na ni mkubwa utoshe kukupeleka upande mwingine wa bonde. Anayetaka kutumia ramani na kipokezi pamoja abadilishe datamu ya mashine wakati wa kusoma ramani, kisha asisahau kuirudisha.

Kaskazini nayo ni mbili, ya kweli na ya sumaku. Hapa kwetu tofauti yake ni ndogo, lakini kule Oregon ni takriban nyuzi 15, na anayechanganya mojawapo na nyingine hukengeuka kama mita 26 katika kila mita 100 za mwendo. Ukibeba dira ya mkononi, ipange mashine kwa kaskazini ya sumaku ili viwili hivyo viseme lugha moja. Saa za mahali na vipimo vya kilomita ni mambo ya raha tu, yapange upendavyo.

Namba za kasha waweza kuzitia kwa mkono, au, kama chombo kinakubali, ukapakia faili la GPX kwa waya wa USB. Mimi naipendelea njia ya pili, kwani waya hauchanganyi 6 na 9. Ukishafika njiani, kumbuka kwamba kipokezi kisicho na dira ya kielektroniki hakijui umeelekeza uso wapi mpaka utembee, na ukisimama mshale wake hutangatanga. Basi tembea kwa mwendo wa kawaida, ukiitazama tarakimu ya umbali ikipungua, na ikifika mita 10 hivi kitie chombo mfukoni. Hapo kazi yake imekwisha, kwa kuwa chini ya miti na kando ya kuta ndefu ishara hugota na kurudi, na hata aliyelificha kasha naye alipima kwa kipokezi chenye upungufu uleule. Kilichobaki ni macho, na kujiuliza ni wapi mtu mwenye akili angeficha kitu.

Ukiliona, andika jina lako, lifunge kasha lisiingie maji, na ulirudishe palepale. Na ukiwasili nyumbani, kama huna safari nyingine karibu, zitoe betri katika chombo, kwa maana betri zilizosahaulika ndani huvuja, na magadi yake huvila vile vyuma vinavyozigusa mpaka chombo kisiwake tena.